Vigoda Arobaini na Kimoja katika Simba ya Ouma

Jumatatu, 21 Julai

Nimemaliza kigoda cha arobaini na moja. Miguu minne, yote inagusa sakafu. Juu nimekisuka kwa kamba ya magugu maji niliyoianika wiki mbili. Nimekikalia. Hakikuyumba. Nikajisifu kwa sauti, kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Mama Ouma amerudi kutoka soko la Oyugis na beseni tupu. Anauza ndizi, na kila jioni beseni hurudi tupu. Hajisifu. Hulibwaga tu mlangoni lilie, nami nisikie.

Saa kumi na moja Ouma amepiga simu. Si kwangu, kwa mamake. Anakuja nyumbani Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Anakuja na mke. Wameandikisha ndoa serikalini huko Nairobi tangu Aprili, na mimi ninaambiwa Julai, tena kwa kusikia upande mmoja wa simu. Mama Ouma amepiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akanyoosha kidole kuelekea simba, ile nyumba ya Ouma.

Sijala vizuri.

Jumanne, 22 Julai

Niandike wazi, labda nitaelewa.

Simba ni nyumba ya kijana wa kiume katika boma la babake. Ya Ouma ni ya mabati, chumba kimoja na kijichumba. Tangu nilipostaafu kama naibu mwalimu mkuu, ndimo ninamoweka vigoda. Vimepangwa mpaka vinagusa bati. Kitanda chake kimo humo mahali fulani. Nilikiona mara ya mwisho mwezi wa pili.

Tatizo la kwanza: mke akishalala mle hata usiku mmoja, mimi baba mkwe sikanyagi tena. Ndiyo mila yetu na sina ubishi nayo. Kitakachobaki ndani kimebaki ndani.

Tatizo la pili ndilo linaloniuma. Krismasi ya mwaka juzi nilimwambia Ouma mbele ya wajomba zake kwamba simba isiyo na mke ni stoo tu. Watu walicheka sana. Nilifurahi walivyocheka. Ouma hakucheka. Alfajiri alipanda gari, hajarudi mpaka leo. Halafu mimi huyo huyo, kwa mikono yangu miwili, nikaigeuza stoo kwelikweli.

Akifungua ule mlango akavikuta vigoda, nitamwambia nini? Kwamba ni bahati mbaya? Mimi mwenyewe sitajiamini.

Wiki tano na siku tatu.

Jumatano, 23 Julai

Nimetengeneza jedwali, alama kwa kalamu nyekundu. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne hashindwi na jambo ambalo linaweza kuchorewa mistari.

Swali: nivipeleke vigoda kwenye maonyesho gani? Vigezo: wingi wa watu, umbali, na hadhi. Hadhi nimeipa alama nyingi kuliko vyote, kwa sababu kazi ya mikono isipoheshimiwa na fundi haitaheshimiwa na mnunuzi.

Maonyesho ya sanaa mjini Homa Bay: 83. Tamasha la utamaduni kisiwani Rusinga: 78. Soko la ng'ombe la Ogwedhi, kule Uriri kuelekea mpaka wa Narok: 11. Ogwedhi nimeliweka ili jedwali lisionekane fupi. Lina kinyesi, lina vumbi, na zaidi ya yote ni upande wa ukweni. Mtu anaweza kugeuka na kukutana na mama mkwe. Hadhi: sifuri.

Mama Ouma amesoma jedwali akiwa anamenya viazi. Akasema nivilete Oyugis kando ya ndizi zake. Haiwezekani. Nusu ya soko lile niliwafundisha, na nusu ya hiyo nusu niliwachapa. Siwezi kusimama mbele yao nikiita wateja.

"Na hiyo kalamu nyekundu nani alikurudishia?" ameniuliza.

Ijumaa, 25 Julai

Nimelipa ada ya kibanda Homa Bay kwa simu. Fomu iliuliza aina ya bidhaa. Nafasi waliyoacha ilikuwa mstari mmoja. Nimeandika nusu ukurasa, nikauambatisha.

Nimeandika pia vitambulisho vya vigoda, kimoja kimoja, kwa mkono wangu: Kigoda Asilia, Starehe ya Kisasa. Mwandiko bado upo.

Alhamisi, 31 Julai

Aibu. Niandike haraka iishe.

Maonyesho ni tarehe moja na mbili Agosti. Nilisoma tarehe, sikusoma siku. Ni Ijumaa na Jumamosi. Mimi ni Msabato. Si Msabato wa kukaa nyuma, ni mzee wa kanisa, mimi ndiye ninayewakumbusha wengine machweo ni saa ngapi. Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu: soma swali lote kabla ya kujibu.

Basi ni Ijumaa tu. Jua likizama niwe nimeondoka. Mama Ouma amenisikiliza mpaka mwisho. Amekuna pua kwa muda mrefu kuliko pua inavyohitaji.

Jumapili, 3 Agosti

Sabato imepita, sasa ninaweza kukasirika.

Ijumaa alfajiri tulifika Homa Bay na pikapu ya kukodi. Kibanda changu kilikuwa kizuri, karibu na jukwaa. Nilivipanga vigoda kwa safu kama wanafunzi wa gwaride. Saa tatu akaja kijana mwenye beji akitoka jasho. Viti vya plastiki vya wageni waheshimiwa vilikuwa vimekwama njiani. "Mwalimu, tusaidie tu kidogo, wakae dakika kumi," akasema.

Nilikubali. Nakiri nilikubali kwa furaha. Niliwaza: wageni waheshimiwa wakionja starehe ya vigoda vyangu, watanunua wote.

Hotuba zilianza saa nne. Kila mgeni alimkaribisha mgeni mwingine azungumze, na yule naye akaanza kwa kuwatambua wote waliomtangulia. Watu walipita kibandani kwangu wakaona turubai tupu na mimi nimesimama juu yake. Mama mmoja aliniuliza ninauza nini. Nikamwonyesha jukwaani. Akadhani nauza wanasiasa, akaenda zake akicheka.

Saa tisa hawajainuka. Saa kumi mmoja wao alisinzia, na hakuanguka. Hilo ni jambo la kusifu upande wa usawa wa miguu, lakini sikuwa na wa kumwambia. Saa kumi na mbili kasoro robo ilinibidi nipite safu kwa safu nikiwaomba waheshimiwa wainuke, kwa sababu jua lilikuwa linazama na dhamiri yangu nayo.

Sijauza hata kimoja. Tena vimerudi arobaini. Kimoja kimeondoka chini ya mgeni fulani.

Mama Ouma: "Angalau kimoja kimepata kwao."

Jumanne, 5 Agosti

Mama Ouma ameniuliza kama wageni wale walilipia kukalia.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana Rusinga. Tulivuka daraja la Mbita mapema, ziwa limetulia, nami pia. Jumapili, si Sabato. Nilikagua mara nne.

Tatizo la Rusinga halikuwa siku. Wenye vibanda tulikuwa wengi, mafundi tupu. Saa tano walitangaza mashindano ya mitumbwi upande wa pili wa kisiwa, na watu wote wakahama kama inzi waliosikia kuna samaki. Tukabaki sisi kwa sisi. Mimi na vigoda, mama mmoja na vikapu, mzee mmoja na ngoma, mwanamume mmoja na mitego ya samaki, mwingine anachonga viboko wa mti. Tukatazamana.

Kubadilishana nilianzisha mimi. Sitamsingizia mtu. Nilimwambia mama wa vikapu kwamba kigoda kimoja ni sawa na vikapu viwili, akakubali haraka mno, nikahisi nimeshinda. Ushindi una ulevi wake, hata kwa mtu asiyekunywa. Kufikia saa tisa nilikuwa nimetoa vigoda tisa, na nimepata vikapu sita, mitego minne ya samaki, kiboko mmoja mwenye uso wa mkaguzi wa shule, na ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe inayonifika kifuani.

Tunaishi mbali na ziwa. Kanisa letu halipigi ngoma. Mambo haya mawili niliyakumbuka tukiwa tumeshapita Mbita.

Vigoda thelathini na kimoja vimerudi simbani. Na ngoma. Mlango haufungi.

Mama Ouma alisimama akaangalia pikapu ikishushwa. Alijifunga leso upya. Akaingia jikoni, nikasikia amekaa chini, kisha nikamsikia akicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa na hasira naye hadi wakati wa kulala. Halafu nilimpenda. Halafu nikakumbuka tarehe 29.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama Ouma ameenda na vikapu na mitego Oyugis. Vyote vimekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Nikamwuliza nani Oyugis ananunua mtego wa samaki. Amesema amewaambia ni wa kufunikia vifaranga mwewe asiwachukue. Wamegombania wa mwisho.

Amerudi na beseni tupu. Amelibwaga.

Jumapili, 17 Agosti

Ngoma nimewapa majirani wa ng'ambo ya kijito. Kanisa lao huimba na ngoma. Wameanza leo saa kumi na moja alfajiri na bado hawajamaliza. Ni ngoma nzuri. Sauti yake inafika mbali.

Kiboko yuko juu ya kabati, ananitazama.

Jana kanisani mzee mwenzangu alinishauri nivitoe vigoda vyote sadaka. Angewatangazia watu. Nilipenda sana hilo la kutangazwa, ndipo nikajua halifai. Sadaka ya mtu anayehamisha mizigo si sadaka.

Jumatano, 20 Agosti

Siku tisa.

Leo nimeingia simbani nikajaribu kuvipanga vizuri zaidi, ili angalau kitanda kionekane. Kimeonekana mguu mmoja. Nikakaa mlangoni juu ya kigoda, ambacho nasema tena ni kizuri, nikaogopa. Si kuogopa watu kunicheka, hilo nimezoea mwezi huu. Namwogopa mwanangu. Naogopa atafungua mlango, atatazama, atasema "Sawa, Baba," na atapeleka mke wake kulala hotelini Oyugis. Hatapiga kelele. Hajawahi kupiga kelele. Ndio ubaya wake.

Mama Ouma alikuja akasimama karibu yangu. Hakuwa na mzaha.

"Mwalimu, safari mbili umechagua wewe. Ya tatu nachagua mimi," akasema.

Ameshazungumza na Otieno, kaka yake. Otieno ana lori, kesho anakwenda Ogwedhi kuchukua mbuzi. Lori linakwenda tupu. Nitakwenda na vigoda.

Nikamkumbusha ya alama 11. Akasema nikitaka atanipa kalamu nijisahihishe.

Jumapili, 24 Agosti

Ijumaa nililala mchana kutwa. Jana Sabato. Sasa niandike ya Ogwedhi, na niandike kama yalivyokuwa, maana sitamsimulia mtu.

Tulifika saa mbili. Ng'ombe mpaka upeo wa macho. Wamasai, Wakuria, Wajaluo, kila mtu na fimbo, kila mtu anazungumza Kiswahili cha kwao. Otieno aliegesha lori kando ya lango la mbuzi. Nikatandaza turubai, nikapanga vigoda, nikaning'iniza vitambulisho. Nikasimama na tai yangu. Saa nzima hakuna aliyenitazama isipokuwa fahali mmoja.

Kisha nikamwona mama mkwe.

Alikuwa anakuja moja kwa moja, na bakora yake na kitambaa chake cheupe. Sasa, kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa sijawahi kumpa mkono mama yule. Sijala mbele yake. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia shambani mwa watu. Ni heshima, na heshima haina likizo kwa sababu mtu ana biashara. Sikufikiri. Nilijikuta nyuma ya lori, katikati ya mbuzi ambao Otieno alikuwa ameshawafunga pale.

Nikamsikia akimwuliza mwanawe kwa Kiluo, hivi viti vya nani? Otieno akasema ni vya mtu fulani, ameenda kidogo. Ameenda wapi? Ameenda tu, Mama. Kisha nikasikia kigoda kikipokea uzito. Ameketi.

Niliomba Mungu mama yule apumzike dakika tano aende. Alikaa saa tano.

Kwanza alipumzika. Halafu akamwona Mmasai mmoja aliyekuwa anauza fahali mweusi. Akamwita kwa Kiswahili cha sokoni.

"Wewe! Kutoka asubuhi umesimama kama nguzo ya stima. Kuja kaa hapa."

Yule akaja akaketi. Nilimwona kwa chini ya lori, viatu vyake vya tairi vimetulia.

"Umeskia aje?"

"Iko sawa, Mama."

"Sikiza. Yule anataka ng'ombe yako amekula chai, amekaa kwa hoteli. Wewe umesimama kwa jua. Saa sita miguu itauma, utashusha bei. Lakini ukikaa, utashusha ya nini?"

Mmasai alifikiri. Akalipa. Akaondoka na vigoda viwili, kimoja cha kaka yake.

Basi. Ndani ya nusu saa wauzaji walikuwa wanakuja wenyewe. Kila aliyeketi aligoma kushusha bei. Wanunuzi wakaona mambo yameharibika, wao wamesimama na wenzao wamekaa, nao wakaja. Mama mkwe akawaambia wao pia, kwa sauti ile ile, kwamba mtu aliyekaa hadanganywi. Akawauzia kwa bei ya juu kuliko aliyowauzia wenzao, kwa sababu walichelewa. Mzee mmoja wa Kikuria alikaa kujaribu, akataka kuinuka aende akafikirie. Mama mkwe akamwambia makalio yake yameshanunua, imebaki mkono utoe pesa. Naandika kama lilivyosemwa. Mzee alicheka mpaka akalipa.

Soko lote likaketi. Mazungumzo ya ng'ombe mmoja yalichukua saa mbili. Sijawahi kuona watu wakibishana kwa starehe namna ile.

Na mimi? Nilikuwa nimechutama, na magoti yangu ni ya mstaafu. Fundi wa vigoda thelathini na kimoja, sina hata kimoja cha kukalia. Mbuzi mmoja alikuta jedwali langu kwenye mfuko wa koti. Alianza na Homa Bay, akaendelea na Rusinga. Nilimwachia. Vile vitambulisho vyangu navyo mama mkwe alikuwa amevikusanya, anavitumia kuwekea ugoro. Kimoja kilipeperushwa mpaka miguuni kwangu. Starehe ya Kisasa.

Nilikasirika, nikaona haya, na nikashukuru, vyote kwa pamoja. Hakuna aliyewahi kuuza kitu changu namna ile. Hakutaja hadhi hata mara moja. Alitazama tu watu waliosimama.

Saa tisa vilikuwa vimekwisha, isipokuwa kile alichokalia. Akainuka. Akazungumza kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika na lori.

"Otieno, pesa ya mwenye viti nimefunga kwa leso. Usiifungue. Hiki kimoja nimejichukulia, mimi ni mzee. Na mwambie mwenye viti, mbuzi wanamla koti."

Akaenda zake, kigoda mkononi, bila kugeuka.

Nilisema asante nyuma ya lori, kwa sauti ndogo, nikiwa nimevua kofia. Ndivyo ilivyowezekana.

Jioni Mama Ouma alipokea leso, akaifungua mezani, akaangalia koti langu lililokosa ukosi. "Mlikutana na Mama?" akauliza.

"Hatukukutana."

"Vizuri," akasema. Alikuwa amempigia mamake simu Jumatano. Nimelijua hilo leo, kwa kuunganisha tu.

Jumatano, 27 Agosti

Nimefagia simba. Mama Ouma alitaka kunisaidia, nikamwambia aniachie.

Chumba kumbe ni kikubwa. Nimefuta vumbi la mbao, nimeondoa nyuzi za magugu kwenye nyufa, nimepiga sakafu deki mara mbili. Kitanda kimeonekana chote. Kimelegea mguu mmoja, nimekaza. Dirisha lilikuwa limekwama, nimelipiga randa.

Nilipomaliza nilisimama katikati. Nilikuwa najua ni mara yangu ya mwisho kusimama pale. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha, si darasani, si nyumbani. Sijui sentensi yake inaanzaje. Nimejaribu tatu kwa sauti. Zote zimetoka kama tangazo la gwaride.

Nikafunga mlango. Unafunga.

Ijumaa, 29 Agosti

Wamefika saa kumi. Mke anaitwa Robi, Mkuria wa Kehancha, muuguzi. Mfupi, ana macho ya mtu anayehesabu. Mama Ouma amelia, amecheka, amelia. Ouma amenipa mkono. Amenenepa. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Waliingiza mizigo simbani. Mimi nilijishughulisha na ua ambao haukuwa na kasoro. Mlango ulifunguka. Nikangoja. Hakuna aliyetoka.

Jua linazama, naacha hapa.

Jumapili, 31 Agosti

Asubuhi tulivu. Hata ng'ambo ya kijito wamechelewa kuanza.

Nilitoka na chai yangu nikawakuta mbele ya simba. Robi amekaa juu ya mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Ouma amekaa juu ya beseni la mamake, amelipindua. Wanakunywa chai.

Robi alinisalimia. Kisha akasema, kwa upole tu, "Baba, Ouma aliniambia wewe ni fundi wa viti. Nimetafuta ndani nikakosa hata moja."

Mama Ouma jikoni alianza kukohoa.

Ouma alitazama kikombe chake. "Niliona umefagia," akasema.

"Nilifagia."

"Hata dirisha linafunguka."

"Lilikuwa limevimba. Nilipiga randa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali hesabu. Alikunywa chai. Mimi pia nilikunywa yangu, ikanichoma ulimi. Nilikuwa na zile sentensi tatu, zote tayari, na nikaona hakuna anayezingoja.

"Tutengenezee mbili," akasema. "Moja iwe fupi. Huyu miguu yake haifiki chini."

Robi akampiga bega. Nikamwomba asimame kidogo, nikampima kwa macho kutoka goti mpaka ardhini, nikaenda kutafuta mbao.

Nimekata miguu minane. Magugu yaliyokauka yanatosha. Robi amekuja akakaa juu ya gogo, akataka kujifunza kusuka, na anasuka vibaya, anavuta mno. Sijamsahihisha. Ouma ameshika mbao upande wa pili nikikata.

Vitakuwa tayari keshokutwa. Nitaviweka mlangoni, nipige hodi, niondoke.